Gari Lisilo na Injini

Nilipompigia mama simu ya video kumwonyesha karavani, aliitazama kwa muda mrefu, akaniambia nizunguke na simu mbele, kisha nyuma. "Injini iko wapi?" Nikamweleza kwamba haina, inakokotwa na gari. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo, mwanangu, umetoa dola 900 kununua gari lisilo na injini, au nyumba isiyo na kiwanja?"

Mama yuko Tanga. Mimi niko Columbus, Ohio, na huku karavani si kitu cha ajabu. Mji wa Elkhart, jimbo jirani la Indiana, umejijengea jina kwa kuziunda, na zile zinazong'aa kama sufuria mpya, Airstream, hutoka hapahapa Ohio, Jackson Center. Hata Afrika zimefika. Mwaka 1959 mwasisi wa Airstream, Wally Byam, aliongoza msafara wa karavani 41 kutoka Cape Town hadi Cairo, wakapita Kenya na Ethiopia. Kisa hicho nilimsimulia mke wangu mara tatu kabla ya kumtajia bei. Sikumwambia kuwa yetu si Airstream. Yetu ni ya mwaka 1974, futi 15, bati jembamba juu ya fremu ya mbao, na muuzaji alisema ina "tatizo dogo la maji".

Hapo mwenye akili angeaga. Lakini mimi ni mtoto wa fundi, na mtoto wa fundi ana ugonjwa wake: akiona kitu kibovu anadhani amerithi dawa. "Nitatengeneza mwenyewe, Mama Zuhura. Wikiendi mbili tu." Ilikuwa Aprili.

Wikiendi ya kwanza iliishia kwenye skrubu moja. Bisibisi bapa ilikataa, ya nyota ikakataa. Kumbe tundu lake ni la mraba, ubunifu wa Mkanada mmoja, P. L. Robertson, tangu mwaka 1908, na mimi sikuwa na habari. Nikaenda dukani, nikarudi na bisibisi ya mraba isiyo saizi yake, nikaenda tena. Skrubu ilipokubali ilizunguka, ikazunguka, haitoki wala haikazi, kama mjumbe wa kamati ya harusi anayeahidi mchango.

Haikuwa na kitu cha kushika. Nilipobandua plaiwudi ya ndani niliona mbao za fremu zimeoza kiasi cha kuchotwa kwa kijiko, kama mkate uliosahaulika kwenye chai. Maji ya karavani ni manafiki. Huingilia kwenye kona ya dari, yakaufuata ubao kimyakimya, yakajitokeza chini ya kitanda, mita mbili kutoka yalikoingilia. Unaziba yanapotokea, nayo yanaendelea kuingilia mlango wake. Katikati ya kuta panya walikuwa wameifumua pamba yote ya kuzuia baridi wakaifanya magodoro. Nikiri kwamba walikuwa wamekarabati vizuri kuliko mimi.

Nilinunua mirija 11 ya silikoni, nikapaka kila palipo na ufa, na pasipo na ufa nikapaka kwa tahadhari. Jirani yetu, mzee mstaafu aliyezeeka na karavani yake, alisogea na kikombe cha kahawa, akatazama, akaniuliza kwa upole, kama daktari anayemwuliza mgonjwa kama anavuta sigara, "Hiyo ni silikoni?" Nikajifunza siku hiyo kwamba silikoni ikishakauka juu ya bati, karibu hakuna kitakachoshika juu yake tena, hata silikoni mpya. Viungo vya karavani huwekwa utepe wa butili, laini kama chingamu iliyotafunwa, ndipo ukingo wa chuma ukakazwa kwa skrubu juu yake. Kuipaka kulinichukua siku moja. Kuikwangua, majuma mawili.

Katikati ya kukwangua mvua ikaja, na kitundu cha hewa cha darini kikaanza kudondosha. Nikaazima sufuria jikoni, kwa usiku mmoja. Tena nilichukua ile kubwa ya pilau, aliyopewa mke wangu na mama yake siku ya harusi, iliyosafiri kutoka Tanga tumboni mwake ikiwa na dagaa na kanga.

Umeme sikuwa na wasiwasi nao. Marehemu baba alikuwa fundi umeme, na alitukaririsha kama sala: nyekundu inaua, nyeusi haina neno, kijani huenda ardhini. Marekani nyeusi ndiyo inayoua, na isiyo na neno ni nyeupe. Hilo nalijua, hata ungeniamsha usiku wa manane ningelisema. Ila kichwa changu kina miaka 12 Ohio, na mkono bado uko Tanga. Volti 120 ni kama nusu tu ya zile za kwetu, lakini mkono haukupiga hesabu. Zuhura, mwenye miaka tisa, alikuwa amesimama mlangoni. "Baba, mbona unacheza?" Kesho yake alikuja fundi mwenye leseni.

Makabati, hayo niliyaweza. Mbao ngumu za mwaloni, si plaiwudi, yote nikayapanga nyuma, na tangi la maji nikaliweka nyuma hukohuko ili mbele pawe na nafasi. Sikujua kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote inatakiwa ilalie mbele, kwenye gari linalokokota. Yangu ilikuwa imekalia matako. Safari ya kwanza, mwezi wa Septemba, tulipofika maili 55 kwa saa ilianza kutikisa mkia kama mbwa aliyemwona bwana wake, na gari letu likafuata mdundo. Tuligeuza. Tukarudi kwa maili 30, tumewakokota wenye haraka wote wa Ohio nyuma yetu, na Mama Zuhura hakusema neno. Kupigiwa honi ni afadhali.

Tulipofika nyumbani alishuka, akafungua mlango wa karavani, akakaa ndani kitambo.

"Baba Zuhura. Hii si sufuria yangu niliyoitafuta tangu Idi?"

Sasa makabati na tangi vipo mbele, na haitikisiki tena. Stakabadhi zinafika dola 4,300 bila kuhesabu fundi wa umeme, ambaye mama hajaambiwa. Inauzwa, dola 900. Mwenye kuitaka aje na gari lenye ndoano ya kukokotea, lenye injini. Ina tatizo dogo la maji. Sufuria haimo kwenye bei.