Namna ya Kuitafutia Suti Kizibao Ambacho Haikuzaliwa Nacho

Suti yako ni ya vipande viwili, koti na suruali, na mpaka juzi ilikutosha. Imekupeleka kwenye usaili, kwenye harusi za wenzako na kwenye misiba ya watu wenye nafasi zao, na haijawahi kukuangusha. Sasa kamati ya harusi imekaa, imekula sambusa, na imepitisha kwa kauli moja kwamba wapambe wote wa bwana harusi watavaa pisi tatu. Hakuna aliyeuliza nani anazo. Katibu ametuma kwenye kundi la WhatsApp picha ya Wazungu sita wanaocheka mbele ya banda la farasi, na chini yake akaandika, "Kama hivi wapendwa." Michango umeshatoa, kujitoa huwezi. Kilichobaki ni kizibao.

Hatua ya kwanza karibu kila mwanamume huiruka: beba lile koti lenyewe uende nalo sokoni. Najua utaona haya kukatiza Kariakoo saa saba mchana, jua la Februari likiwa utosini, umening'iniza koti mkononi kama wakili aliyetolewa mahakamani. Utajiambia koti ni jeusi, kizibao kitakuwa cheusi, cha kubeba hapo ni nini? Utafika mtaa wa Kongo na kusema unataka kizibao cheusi. (Sema "kizibao cha suti", maana ukikata maneno unaweza kuletewa cha bodaboda, chenye mistari ya kuwaka gizani.) Utaletewa vinne, vyote vyeusi, utachukua kinachokukaa. Jioni, mbele ya kioo, ndipo utakapogundua kwamba koti lako limekuwa likikuficha jambo kwa miaka mingi. Ni la bluu.

Weusi wa nguo una makabila. Kuna weusi wenye bluu ndani yake, kuna wenye ukijani, kuna wenye wekundu unaojitokeza nguo ikishachoka. Viwandani kitambaa hutiwa rangi kwa mafungu, na hata kiwanda kilekile kikirudia rangi ileile, fungu la pili huachana kidogo na la kwanza. Jicho halitambui mpaka vitambaa vilazwe ubavu kwa ubavu, na huko kulazwa ubavu kwa ubavu ndiyo kazi pekee ya kizibao na koti. Ndiyo maana suti ya vipande vitatu hukatwa yote kwenye jora moja. Ongeza na historia ya suti yako: mikono ya madobi mbalimbali, kamba ya juani, ile pasi iliyozidi moto siku umeme uliporudi ghafla. Kizibao kipya hakijapitia lolote kati ya hayo, na kitaonekana kuwa hakijapitia.

Halafu kuna taa. Rangi mbili zinaweza kupatana kabisa chini ya taa ya dukani, mkitoka nje zikakataana. Kwa hiyo shika koti kwa mkono mmoja na kizibao kwa mwingine, toka mpaka juani, vilaze pamoja, vigeuze. Muuzaji atakufuata mguu kwa mguu. Hofu yake ni ya haki, usikasirike. Angalia pia mng'ao. Sufu hufifisha mwanga, poliesta ya bei rahisi huurudisha ulikotoka, na mpiga picha wa harusi anakuja na flashi. Kwenye picha utaonekana umevaa suti iliyotulia yenye kifua cha mvua.

Baada ya kuangalia yote hayo utakuwa umefika kwenye ukweli ambao duka halitakwambia: cha kufanana na suti yako hakipo. Kilikuwepo siku suti ilipokatwa, na hakuna aliyekishona. Acha kukitafuta. Zaidi ya hapo, kiogope kile kinachokaribia kufanana, maana ndicho kibaya kuliko vyote. Ukivaa kizibao cha kijivu ndani ya suti ya bluu, watu watasema umechagua. Ukivaa cheusi ndani ya suti iliyo karibu na nyeusi, watasema masikini, amejitahidi.

Wazee wa Unguja na Lamu hawajawahi kusumbuka na suala hili. Mzee anavaa kanzu nyeupe, juu yake kisibau cha damu ya mzee kilichotariziwa, kofia ya viua kichwani, bakora mkononi, anakwenda zake. Hajatokea mtu wa kumsimamisha kumuuliza mbona kisibau hakilingani na kanzu. Na ukitaka ushahidi wa Kizungu, kwa ajili ya katibu, upo. Oktoba 1666, mwezi mmoja tu baada ya moto mkubwa kuiteketeza London, Mfalme Charles wa Pili aliliambia baraza lake kwamba anaanzisha fasheni mpya, vazi refu la kuvaliwa ndani ya koti, na kwamba hataibadilisha kamwe. Tunayajua hayo kwa sababu Samuel Pepys, ofisa wa jeshi la majini na mtoto wa fundi cherehani, aliyaandika kwenye shajara yake. Mwenzake John Evelyn aliongeza kwamba mtindo wenyewe ulikuwa wa Kiajemi. Yaani jiji bado linanuka majivu, na ajenda ya baraza ni kizibao, tena cha kuazima ugenini. Kamati yako ina watangulizi wa heshima.

Sasa rangi gani? Suti ya bluu iliyokolea inapokea kijivu cha wingu bila ubishi. Suti ya kijivu inapokea bluu iliyokolea, au kijivu kilichoizidi kwa hatua mbili nzima. Hatua moja haitoshi, tumeshaelewana. Suti nyeusi nayo ipe kijivu. Suti ya kahawia ina mambo yake, na kama ulinunua suti ya kahawia naamini unajua kujitetea. Kuhusu kizibao cha dhahabu chenye maua yanayometameta, hicho kina mwenyewe, naye ni em-sii.

Ukiona unaanza kunogewa, kumbuka Wakongo. Wasapeur wa Kinshasa na Brazzaville, ambao marehemu mwanamuziki Papa Wemba aliwafanya wajulikane dunia nzima, ni watu wanaoweza kuvaa suti ya waridi na kuvuka nayo barabara ya vumbi, lakini wana sheria moja kali: rangi tatu, zisizidi. Hesabu basi. Suti ya bluu, shati jeupe, kizibao cha kijivu. Tatu zimeisha, na tai bado iko mkononi. Itabidi ijiunge na mojawapo. Kama kwa watu wale rangi tatu zinatosha, wewe mpambe wa Kimara utahitaji ngapi?

Pa kupatia ni pengi. Dukani ni rahisi na hakuna cha kusimulia: kipya, kimefungwa kwenye nailoni pamoja na tai na leso ya mfukoni vya kitambaa hichohicho. Lipa, chukua kizibao, hivyo viwili mpe adui yako.

Mitumbani ndiko kwenye riwaya. Pale Karume, au Gikomba kama uko Nairobi, vizibao ni wafiwa. Robota lilipofunguliwa koti lilikwenda na mteja mmoja, suruali ikaondoka na mwingine, kikabaki chenyewe kimetundikwa pembeni, sufu safi, bitana ya hariri bandia isiyo na doa, bei ya sahani mbili za chipsi. Ukibahatika utapata kitu ambacho dukani hakipo kabisa. Ila kikague. Kinyanyue kwenye mwanga utafute matundu ya nondo. Vuta ile kamba ya mgongoni uone kama bizimu lake bado linauma. Halafu pitisha kidole kwenye kifua cha kushoto, taratibu. Ukihisi safu ya vitundu vidogovidogo vya sindano, vilivyopangana kwa umbo la herufi au la mnazi, hapo palikuwa na nembo na mtu akaifumua kwa wembe. Kizibao hicho kilishawahi kuajiriwa hotelini. Kirudishe. Muuzaji atakwambia, "Bosi wangu, hiyo haionekani." Itaonekana, tena siku ya siku.

Njia ya tatu ni fundi. Kizibao hakili kitambaa kingi, kwa kuwa mgongo wote ni bitana na ni mbele tu panapohitaji kitambaa cha suti; chenye upana wa sentimita 150, mita moja inamtosha mtu wa kawaida na chenji inabaki. Na kama suti yako ilikuja na suruali mbili, wewe ni tajiri bila kujijua, kwa sababu suruali ya pili inaweza kufumuliwa ikatoa mbele ya kizibao, jora lilelile, rangi ileile. Sharti lake ni kwamba suruali hiyo iwe imekaa kabatini. Kama ndiyo uliyokuwa ukiivaa kila Jumatatu, utakuwa na kizibao chenye kumbukumbu ya magoti.

Kuna fundi atakayekupa wazo tofauti. Atakutazama, atatazama koti kuukuu lililotundikwa ukutani kwake, na atasema, "Kaka, hili tunakata mikono tu, linakuwa kizibao." Mshukuru na uondoke. Koti lina mabega yenye sponji, mifuko iliyo chini ya kiuno na upana wa kuvaliwa juu ya nguo nyingine. Ukilikata mikono linabaki koti lililopata ajali. Fundi unayemtaka ni yule anayekunja futi yake na kukuuliza kwanza suruali unaivalia wapi.

Swali hilo ndilo kiini cha kukaa kwa kizibao, na ndipo harusi nyingi huharibikia. Kizibao cha suti kilipata ufupi wake zama ambazo suruali ilifika kitovuni. Suruali za siku hizi zinashikiliwa nyongani kwa imani. Kati ya ncha ya kizibao na mkanda hufunguka dirisha la pembetatu, na dirishani linachungulia shati jeupe, na katikati ya shati, bizimu la mkanda limenyanyua kitambaa kama linataka kutoa hoja. Mpambe akinyanyua mikono kucheza, dirisha linakuwa mlango. Kwa hiyo jaribu kizibao ukiwa umevaa suruali yenyewe ya siku hiyo, si jinzi uliyokwenda nayo sokoni, kisha nyanyua mikono yote miwili mbele ya wauza duka wote kama unaitikia mtumishi wa Mungu. Shati likionekana, kizibao ni kifupi, au suruali iko chini, au vyote. Mkanda uache nyumbani, fundi akupunguzie kiuno. Juu nako, shingo ya kizibao ichungulie kidogo kwenye uwazi wa koti lililofungwa. Kisipoonekana kabisa umelipia joto tupu.

Hapa pana mtu atauliza kwa nini asivae suti ya Kaunda, aachane na tai, kizibao na kamati kwa pigo moja. Hoja ni nzuri na sina jibu. Nakukumbusha tu kwamba Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula aliipiga marufuku kwenye viunga vya Bunge la Kenya, hivyo kama harusi ni ya mbunge na picha zitapigwa kazini kwake, jipange.

Siku yenyewe, funga vifungo vyote isipokuwa cha chini kabisa. Inasemekana desturi hiyo ilitoka kwa Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza, ambaye tumbo lake lilikuwa na mamlaka yake, na waliomzunguka wakaona ni adabu kumfuata. Wewe kiache wazi hata kama tumbo huna. Baada ya pilau utaelewa.

Limebaki joto. Koti, kizibao, shati na fulana ya ndani, ukumbini Dar es Salaam, kiyoyozi kimoja kikifanya kazi na cha pili kikipiga kelele. Ikifika saa ya kulisha keki utatamani kuvua koti, na utajifariji kwa mfano wa Gareth Southgate, aliyekuwa kocha wa Uingereza, aliyesimama pembeni ya uwanja Kombe la Dunia la 2018 kule Urusi na kizibao bila koti, mpaka Marks & Spencer wakaviuza kwa fujo. Ni kweli, na alifika nusu fainali, Croatia wakamtoa 2–1. Lakini Southgate alikuwa na tai ya timu, benchi zima nyuma yake na kamera usoni. Wewe ukivua koti unabaki na shati jeupe, kizibao, suruali nyeusi na viatu vilivyong'arishwa, na unasimama karibu na meza ya vinywaji kwa sababu ndipo feni inapofika. Shangazi wa bibi harusi atakuita kwa vidole viwili. Usianze kumweleza kuhusu kamati, pisi tatu na Kariakoo, hatakusikia kwa muziki ule. Inama kidogo, tabasamu, umuulize, "Ya moto au ya baridi, mama?"