Wanaolilia Kuning'inizwa

Kuna wazee Marekani wanaoililia Loop-O-Plane, mashine ya kubembea ya viwanja vya starehe, kama marehemu. Mbunifu wake, Lee Eyerly wa Salem, Oregon, alianza na chombo cha kuwafundishia marubani wakiwa ardhini. Watu wakakitaka kwa starehe, na nani angekataa pesa? Mwaka 1933 ikatoka Loop-O-Plane: mikono miwili mirefu, kila mmoja na kibanda cha chuma huku na uzani kule, ikipishana hewani. Abiria walining'inia kichwa chini, sarafu zikiwachuruzika mifukoni, na mwendeshaji, jamani, hakuona haraka ya kuwashusha. Leo mashine hizo ni adimu. Wanaodai zirudi, wengi wao, daktari keshawakataza hata ngazi za nyumbani.