Boxer Iko Gazi, Mwenyewe Yuko Coventry

Kijana mmoja wa Gazi, pwani ya Kenya, aliyekuwa akibeba abiria kwa bodaboda kabla ya kwenda Coventry kulea wazee, alijikuta anafundishwa namna ya kuishusha pikipiki kwenye stendi. Somo lilikuwa la lazima. Leseni ya Kenya ilimfaa kwa miezi 12 ya mwanzo tu. Baada ya hapo Uingereza ilimhesabu mwanafunzi, na tangu mwaka 1990 mwanafunzi wa pikipiki hagusi barabara kabla ya kupitia mafunzo ya awali yanayoitwa CBT. Mwalimu alimwonyesha breki ni ipi. Akamwonyesha honi. Kijana akaitikia kila jambo kwa adabu zote za madrasa, akaomba tu habari hizi zisifike Gazi.

Zilifika, kwa sababu alizipeleka mwenyewe. Hapendi kuandika, hutuma ujumbe wa sauti, tena mrefu, na mpwa wake huufungulia spika steji nzima ya bodaboda isikie.

Steji ilicheka zaidi kwenye habari ya gia. Pikipiki yake ya Boxer, aliyoiacha Gazi, ina gia nne, na zote huingia kwa kukanyaga chini. Pikipiki aliyopewa Coventry hutiwa gia ya kwanza kwa kukanyaga, zilizobaki kwa kuinua. Basi akaondoka vizuri, akakanyaga atie ya pili, injini ikapiga ukelele na mwendo ukabaki uleule. Akakanyaga tena. Mwalimu akamuuliza kwa upole kama amewahi kupanda pikipiki.

Mafunzo yakaisha jioni ileile, akapewa cheti cha miaka miwili na ruhusa ya pikipiki isiyozidi 125 cc. Masharti ni kubandika kibao cheupe chenye herufi L nyekundu, kutoingia barabara kuu zile za mwendo kasi, na kutobeba abiria hata mmoja. Sharti la mwisho ndilo lililomtoa machozi. Kenya nayo sheria inamtaka mtu wa boda abebe abiria mmoja tu, wote wawili wakiwa na helmeti na jaketi la kung'aa, lakini kutoka mmoja hadi sifuri hakuona maana yake. Kiti cha nyuma kimewekwa cha nini?

Kiti cha nyuma cha Boxer ya Gazi hakikuwahi kupumzika. Aliipata katika lile wimbi la pikipiki lililoikumba nchi baada ya serikali kuondoa VAT kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008. Kazi iliyoanzia kwa baiskeli za mpakani Busia miaka ya 1960 ikateremka mpaka Lunga Lunga, na Gazi haikubaki nyuma. Asubuhi alipakia samaki wa kupeleka Ukunda, barafu ikimvujia mgongoni. Mchana makuti, madafu, godoro la bibi harusi. Wageni waliokuja kutembea juu ya ujia wa mbao wa akina mama wa Gazi ndani ya mikoko aliwatoa barabara ya lami akawateremsha hadi ufukweni, huku akiwaonyesha Gazi ya Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na mwaka uliofuata akavuka mpaka kwa Wajerumani. Usiku simu ililia: mwanamke ameshikwa na uchungu, apelekwe hospitali ya Msambweni. Hapo mshikaki haukuepukika. Mama mjamzito katikati, mkunga nyuma yake, na beseni mbele juu ya tangi.

Aliipenda kupita kiasi, wanasema jamaa zake. Ijumaa aliiosha kabla ya kujiosha. Spoki alizisugua kwa mswaki, na mswaki wenyewe ulikuwa mpya kuliko wake wa meno. Kwenye madigadi ya nyuma aliandikisha "Riziki ni Mafungu". Mama yake aliutambua mlio wake tangu iko barabarani, akawasha jiko. Zikija nyingine kumi hakuinua kichwa.

Coventry alipata wa kuongea naye kuhusu mambo haya: mzee wa miaka zaidi ya sabini anayemhudumia kila asubuhi. Mzee huyo katika ujana wake alifunga injini za pikipiki za Triumph. Kampuni hiyo ilianzishwa London na Mjerumani, Siegfried Bettmann, ikahamia Coventry, ikatoa pikipiki ya kwanza mwaka 1902, na Bettmann akafika kuwa meya wa mji. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Wajerumani zikauchoma mji pamoja na kiwanda. Mjerumani aliijenga, Wajerumani wakaiunguza. Kazi ikahamia Meriden, kijiji cha jirani, hadi kiwanda cha huko kilipofungwa mwaka 1983. Siku hizi jina la Triumph liko Hinckley. Mzee na kijana hubishana kila siku. Mzee anashikilia kwamba gia hutiwa kwa mguu wa kulia, kama zilivyokuwa pikipiki za Kiingereza za zamani, na kijana anamwambia, "Babu, huo ni mguu wa breki."

Akamwonyesha picha ya Boxer kwenye simu. Mzee akahesabu abiria: mmoja, wawili, watatu. Akaomba miwani. Akahesabu upya, ndipo akamwona mbuzi.

Kuna pia mfanyakazi mwenziwe mwenye gari la umeme, aliyemsimanga juu ya moshi wa pikipiki. Kijana akamweleza kwamba tangu mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa humo, na fedha zinakwenda kwenye maji na shule. Kwa hesabu zake, moshi wa Boxer ulikwisha kulipiwa zamani. Alipoulizwa ni mtaalamu gani aliyepiga hesabu hizo, akajibu kuwa taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, ina kituo palepale Gazi, na watafiti walipanda Boxer hiyohiyo.

Habari ambayo steji imekataa katakata ni ya chumvi. Baridi ikizidi, halmashauri za Uingereza humwaga chumvi barabarani ili barafu isigande. Gazi, ambako chumvi ya bahari hula cheni na spoki bila kualikwa, wanamwona huyu ameanza uongo wa ughaibuni. Chumvi kwa malori? Na pikipiki zipite juu yake?

Mwaka huu amefaulu mitihani yote. Mmoja ulimtaka apite baina ya koni bila kuzigusa, achore namba nane, kisha afunge breki ghafla akiwa kwenye kilomita 50 kwa saa. Msimamizi alimsifu kwa utulivu wake. Hakujua kuhusu mbuzi wa Gazi na vijia vya mchanga. Kibao cha L kimetoka, abiria anaruhusiwa, na mpaka sasa hajapatikana wa kukubali kulowa mvua.

Kwa hiyo mawazo yamerudi kwa Boxer. Alituma ujumbe kumuuliza mpwa, anayeiendesha sasa, lini ataletewa hesabu zake. Mpwa akajibu kwa heshima: "Shikamoo mjomba. Wazee wanasema kwa ada ya Wadigo mali ya mjomba ni ya mpwa." Hakukosea sana. Wadigo wa zamani walirithisha watoto wa dada, na sheria ya Kiislamu ilipowapa watoto wa kuzaa haki yao, mabishano ya mirathi yalikuwa marefu. Steji ikapiga makofi.

Jibu kutoka Coventry lilikuwa fupi kuliko yote aliyowahi kutuma: mirathi ni ya maiti, yeye hajafa, yuko Uingereza tu, na oili ibadilishwe kabla ya Jumamosi.