Dalia Ndani, Gari Nje
Ukitaka kujua Mwingereza anampenda nani, mchungulie bustanini Septemba. Miti imeanza kupukutisha majani, naye kainama na mkasi, anakata dalia zilizonyauka, moja baada ya nyingine, ili shina lizae zaidi. Ua lenyewe ni la kuja: kwao ni Mexico, ambako limekuwa ua la taifa tangu 1963, na baridi kali haliiwezi. Jalidi ya kwanza ikipiga, majani yote meusi. Basi viazi vyake vinafukuliwa, vinakaushwa, vinafukiwa kwenye boksi la mchanga mkavu na kulazwa gereji hadi Aprili. Gari je? Linalala nje. Asubuhi bwana anakwangua barafu kiooni, huku akinung'unika kwamba siku hizi wageni wanadekezwa mno nchini mwake.