Saa Mbili ya Mtambo

Ofisi yetu ya kutembeza wageni iko Karatu mjini, kando ya lami ya kwenda Lodoare, geti la kuingilia hifadhi yenye kreta, na kazi yangu ni kupokea simu. Ikilia, nasema haloo. Basi. Mwezi uliopita bosi akaleta mtambo wa kupokea ujumbe wa sauti, akanikabidhi na kijitabu chake: "Nyie vijana ndio mnaojua mambo haya." Nina miaka 46.

Mtambo wenyewe una maswali kushinda afisa uhamiaji. Ujumbe ukiingia nikuletee wapi: kwenye baruapepe, kwa meseji, au nikupigie? Nikajibu vyote, nisije nikalaumiwa. Usipopokea nirudie mara ngapi? Kumi. Saa zako za kazi? Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Nikajaza 2 hadi 11, yaani saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, kama wanavyohesabu binadamu wote ninaowafahamu.

Kumbe mwenzangu saa yake inaanza kuhesabu usiku wa manane. Kwake 2 ni saa nane ya usiku. Baridi ya Karatu unaijua, nimejikunja ndani ya mablanketi mawili, simu inaita chini ya mto. Mama wa Kizungu, sauti laini: una ujumbe mmoja, ingiza namba ya siri, kisha bonyeza alama ya reli. Mke wangu akakaa kitako. "Huyo mwanamke ni nani?" Na nilipokata, akapiga tena. Si nilisema kumi?

Ujumbe wenyewe sasa! "Haloo? ... Haloo? ... Mbona huyu mama anaongea tu hanisikilizi?" Halafu kimya. Sisi ni watu wa kubipu, nani atazungumza na ukuta?

Ikifika saa tano asubuhi, mtambo unafunga ofisi. Juzi saa sita mchana dereva wetu kakwama Lodoare, jina la mgeni kwenye kibali limekosewa herufi. Akapiga, akaeleza yote vizuri, mtambo ukamtunzia siri mpaka usiku. Wageni wanne wakala chakula cha boksi palepale getini, nyani wakiwasaidia. Na kinachoniuma ni hiki: angekuwa ameshateremka barabara ya Seneto, chini kule kreta, kina cha mita 600 na simu inashika kwa taabu, angeita kwenye redio, taarifa ikarushwa gari hadi gari, ikanifikia chai haijapoa.

Nimerekebisha. Saa nimeziacha zilezile, namba nimeweka ya bosi.

Leo kaingia ofisini macho mekundu, kafunga mlango, kaniuliza kwa sauti ya chini: "Hivi, kuna mama wa Kizungu aliyekuja hapa kuniulizia? Shemeji yako kanuna tangu saa nane."