Buibui kwa Njia ya Posta

Nani kasema sheria za wanyamapori ni kali? Ni za kiungwana mno. Mwaka 2010 wakaguzi wa Marekani walifungua vifurushi vya Mjerumani mmoja. Cha kwanza kilikuwa na tarantula hai wapatao 300. Kingine kilikuwa na karibu 70, wamefungashwa kwenye mirija ya plastiki ya rangirangi kama peremende za Sikukuu. Walikuwamo pia wale wa Mexico wenye magoti mekundu, wanaolindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Na posta nayo ni ulinzi, au siyo?

Alikamatwa Los Angeles. Hati za mahakama zilitaja mapato ya takriban dola 300,000 kutokana na kuuza buibui hao.

Basi ili akome kabisa, alihesabiwa muda aliokwisha kukaa rumande kuwa ndicho kifungo chake, akatozwa faini ya dola 4,000.