Koleo la Bibi

Wezi walipomvunjia ghala mara ya pili, Ami alikwenda Kisauni akarudi na mbwa koko mwekundu, masikio wima, akampa jina Simba. Bibi hakupiga kelele. Mbwa wa ulinzi dini haimkatazi, na hilo alilijua kuliko mwanawe. Aliweka masharti tu: ngazi ya kwanza ndiyo mpaka wa mbwa, na atakayeguswa na mate yake ataosha mara saba, moja kwa mchanga. Kopo la mchanga likawekwa nyuma ya mlango.

Simba alifungwa ghalani, mbele ya dirisha la vyuma linalotazama njia. Hapo ndipo balaa ilipoingia. Ndia Kuu haina utulivu: mikokoteni, tuktuk, watoto wa madrasa, watalii wanaotoka Fort Jesus wakipiga picha kila mlango wa nakshi. Simba aliwabwekea wote. Na kila aliyebwekewa alikwenda zake. Angekwenda hata bila kubwekewa, lakini mbwa hilo atalijuaje? Kwa hesabu yake, ni yeye aliyemfukuza. Anayeshinda vita kutwa kucha ataachaje vita? Njia yenyewe ni nyembamba, kuta za matumbawe pande zote mbili, na mbweko mmoja ulipanda roshani hadi roshani mpaka kwa wagonjwa na wachanga.

Ami naye akitokeza juu: “Simba! Nyamaza! Simba!” Simba akisikia bosi amejiunga, huzidisha. Jirani wa ng'ambo, mtu mstaarabu, akapenyeza neno: “Yakhe, mmoja tulikuwa tushamzoea. Sasa wamekuwa wawili?”

Daktari wa mifugo aliyekuja kumchanja dhidi ya kichaa cha mbwa alikunywa chai barazani huku akimtazama. Mbwa hana ugonjwa, akasema. Ana kazi nyingi na matembezi hana. Dirisha lizibwe nusu ya chini. Alfajiri atolewe, achoke. Akibweka asikemewe, akinyamaza apewe kitu, papo hapo, kabla hajasahau ni kwa lipi.

Ubao ukapigiliwa. Kila baada ya sala ya alfajiri Ami akawa anashuka na Simba hadi pwani, chini ya ngome ya Fort Jesus. Kuta zile Wareno walianza kuzijenga 1593 na zimeona mengi, ila sidhani ziliwahi kuona mzee wa kanzu akiburutwa na mbwa.

Mikokoteni ikasahaulika, watalii pia. Akabaki muuza kahawa. Vikombe anavyovigonganisha kwetu ni mwito. Kwa Simba vilikuwa fujo. Sikio la mtu huishia kwenye hezi 20,000 hivi, la mbwa hufika kama 45,000, na vikombe vile vina ukali wake.  

Basi Ami akamwomba muuza kahawa, naye akakubali, kwa malipo, kusimama mbali na kugonga vikombe taratibu. Vikilia, Simba apewe kipande cha ini kabla hajafungua mdomo kubweka. Kila alasiri muuza kahawa asogee mlango mmoja. Lakini nani atampa ini, na mate yale? Ami akaenda jikoni akachukua koleo la makaa. Akawa anashika ini kwa ncha, mkono umenyooka, uso ameugeuza kando. Ikafika mahali vikombe vikilia Simba hatazami dirisha tena, anatazama koleo.

Hadi Jumamosi moja Bibi alipotaka kuchoma samaki. Alitafuta, akauliza, akashuka ngazi polepole.

“Mwanangu, hilo ni koleo langu?”

“Mama, ni kwa muda tu.”

Kopo zima la mchanga liliisha siku ile. Koleo lilioshwa mara saba mbele yake, kisha akasema hata lioshwe sabini, yeye haligusi. Ami akanunua jingine, na lile likawa mali ya Simba.

Majirani wamelala usingizi. Anayelalamika sasa ni muuza kahawa. Kumbe muda wote wa somo paka wa mtaa walikuwa ukutani, wakiokota vipande vilivyodondoka. Siku hizi akigonga vikombe tu wanateremka mapaa na vibaraza, wanamfuata mikia juu mpaka mwisho wa Ndia Kuu, na wateja wanamcheka. Amemtumia Ami salamu: ama maini yarudi, ama yeye aongezwe malipo.